Sura ya Tano: Akiba Isiyogombewa

Katika jumla ya dhana zinazowapoteza watu wanaoketi kwa mara ya kwanza mbele ya kioo cha kompyuta au cha simu ili kushiriki mashindano madogo ya poka, hakuna iliyo na madhara makubwa kuliko ile inayowafanya waamini kwamba chipu zilizopangwa mbele yao ni fedha, na kwamba mwenye kuziongeza mara mbili amejiongezea mali mara mbili. Dhana hii huzaliwa kwa urahisi, kwa sababu katika meza za kawaida, ambako mtu huingia na fedha zake na kutoka nazo wakati wowote apendao, chipu ni fedha kweli kweli. Lakini katika mashindano mambo hugeuka, na asiyeujua mgeuko huo huipoteza akiba yake mapema, kisha huondoka akiilaumu bahati isiyokuwa na hatia. Muradi wa sura hii ni kueleza jinsi akiba ya chipu inavyojengwa katika mashindano ya meza moja, yenye watu tisa na kiingilio kidogo, nami nitashikilia tangu mwanzo neno moja ambalo hesabu zitakazofuata zitalithibitisha: kwamba akiba kubwa aghalabu haijengwi kwa kushinda mapambano makubwa, bali kwa kuyatwaa, kwa wakati wake na mahali pake, yale madau ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuyagombea.

Na tuiweke meza wazi kwanza. Watu tisa wamelipa shilingi 1,100 kila mmoja. Katika hizo, 1,000 zimeingia katika mfuko wa tuzo, na 100 zimechukuliwa na mwenye meza kuwa ujira wake. Mfuko una shilingi 9,000, na kwa desturi iliyoenea katika mashindano ya namna hii, wa kwanza hupata nusu, yaani 4,500, wa pili 2,700, na wa tatu 1,800, ilhali sita waliosalia huondoka mikono mitupu. Kila mtu hupewa chipu 1,500. Kabla ya kila mgao, wawili walioketi kushotoni kwa mgawaji hutoa madau ya lazima, mmoja dau dogo na mwenziwe dau kubwa; kisha kila mchezaji hupata karata mbili za siri, na baadaye karata tano za wote hufunuliwa mezani, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Madau ya lazima huanza kwa 10 na 20, nayo hayatulii: hupanda kuwa 15 na 30, kisha 25 na 50, 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, na kuendelea hivyo, kila baada ya dakika 10 katika mashindano ya kawaida, na kila baada ya dakika 5 katika yale ya haraka.

Sasa na aulizwe mchezaji aliyeongeza akiba yake mara mbili katika mgao wa kwanza, akafikisha chipu 3,000 na kumtoa mwenzake mezani: je, amepata nini? Mwaka 1973 mwanatakwimu wa Kimarekani, David Harville, alichapisha njia ya kukadiria nafasi ya farasi kushika daraja la pili na la tatu katika mbio, kwa kuanzia nafasi yake ya kushinda tu. Na katika miaka ya 1980 Mason Malmuth, mwandishi mashuhuri wa mambo ya poka, aliihamishia njia hiyo katika mashindano ya karata. Kanuni yake ni nyepesi kuielewa ingawa ni ndefu kuihesabu: nafasi ya mtu kuwa wa kwanza ni sawasawa na fungu lake katika chipu zote, na baada ya kumweka kando aliyeshika daraja la kwanza, nafasi ya kuwa wa pili hugawanywa vivyo hivyo baina ya waliobaki, na ya tatu kadhalika. Chipu zote mezani ni 13,500. Mwenye 3,000 ana nafasi ya 22.2 katika 100 ya kuwa wa kwanza, 19.4 ya kuwa wa pili, na 16.7 ya kuwa wa tatu. Na ukizidisha kila nafasi kwa tuzo yake na kujumlisha, utakuta kwamba akiba yake ina thamani ya shilingi 1,825.

Tulitazamia 2,000. Aliyetolewa amepoteza thamani ya shilingi 1,000 kamili, na aliyemtoa ameongeza 825 tu. 175 zilizobaki zimekwenda wapi? Zimegawanyika kwa wale saba waliotupa karata zao na kutazama, shilingi 25 kwa kila mmoja, bila ya jasho wala hatari. Jambo hili nalihesabu kuwa ndilo msingi wa elimu nzima ya mashindano madogo, nami ningependa msomaji alisome mara ya pili kabla hajaendelea: wawili wanapopigana, wanaotazama hulipwa, na malipo yao hutoka mfukoni mwa wale wawili. Chipu unayoipoteza ina thamani kubwa kuliko chipu unayoipata. Kwa hiyo, ili mtu ahatarishe akiba yake yote katika mgao wa kwanza bila ya kujidhulumu, haitoshi awe na nafasi ya nusu na zaidi kidogo. Hana budi awe na nafasi ya karibu 55 katika 100. Na jozi ya manane ikipambana na ree na mfalme, pambano ambalo watu wengi huliingia kwa furaha tele, hupata takriban 55 hizo hizo. Yaani mwenye jozi, hata lau angezijua kwa yakini karata za mwenzake, asingefaidi kitu, na mwenye ree na mfalme angekuwa amejitia hasarani waziwazi.

Husimuliwa juu ya Jack Straus, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa mashindano makuu ya poka ya Las Vegas mwaka 1982, kwamba alifikia kubaki na chipu moja tu, naye akaanza nayo upya hadi akawashinda wote. Wasimulizi hupenda kuutaja ushujaa wake. Mimi naona kisa hicho kinathibitisha zaidi lile ambalo hesabu imetuonyesha, ya kuwa chipu ya mwisho ni ya thamani kupita zote, kwa sababu ndiyo iliyobeba haki ya kuendelea kuwapo.

Kabla sijaendelea na mbinu, nina wajibu wa kusema wazi mambo mawili, kwa sababu vitabu vya mchezo huu aghalabu huyaficha au huyapitia juu juu. La kwanza ni zile shilingi 100 za mwenye meza. Wachezaji tisa wametoa 9,900 na wamerejeshewa 9,000. Basi mtu asiyewazidi wenzake kwa maarifa hupoteza, kwa muda mrefu, shilingi 100 kila anapoketi, na kuwashinda wenzake kidogo hakutoshi, maana ni lazima awashinde kwa kiasi cha kulipa ujira huo kwanza. Kisa cha Chris Moneymaker, ambaye mwaka 2003 alianzia katika mashindano madogo ya mtandaoni yenye kiingilio kisichofika dola 100, akafika Las Vegas na kuwashinda watu 838 na kupata dola milioni 2.5, ni cha kweli. Lakini kimewavuta watu wasiohesabika kuamini kwamba njia aliyopita mmoja ni barabara ya wote. Fedha ya karo, ya kodi ya nyumba au ya dawa haina mahali katika meza hii hata kidogo. La pili ni la dini. Qurani Tukufu imeitaja kamari pamoja na ulevi na kuwaamuru waumini waiepuke, nami simshawishi mtu yeyote avunje ahadi yake na Mola wake; hesabu zilizomo humu zaweza kujifunzwa zote katika meza za chipu za bure, zisizo na kiingilio wala tuzo, nazo hazipungui utamu kwa kukosa fedha.

Turudi mezani. Madau ya lazima yakiwa bado 10 na 20, kuyatwaa ni kupata chipu 30, nazo ni sehemu ya 50 ya akiba yako. Faida ndogo kiasi hiki haistahili kuletewa hatari yoyote kubwa. Kipindi hiki basi ni cha kutupa karata, na kutupa ni kazi, si uvivu. Cheza jozi kubwa kwa nguvu, pandisha dau kwa ree na mfalme, na ziache zile karata nzuri kwa sura zinazowapendeza wageni, kama vile mfalme na kumi au ree na sita za ua moja, ambazo hushinda kidogo na kupoteza kingi. Jozi ndogo zina hukumu yake: jozi ya manne au ya matano hupata mwenziwe wa tatu katika zile karata tatu za kwanza za mezani takriban mara moja katika kila mara 8 na nusu, na mwenye kuipata aghalabu hushinda fungu kubwa, kwa kuwa hakuna anayemwona, basi ikiwa gharama ya kutazama ni chipu 20 katika 1,500, na ukiwa tayari kutupa mara moja usipoipata, itazame. Ikiwa mtu amekwisha pandisha dau hadi 150, achana nayo, maana utakuwa unalipa sehemu ya kumi ya akiba yako kwa jambo ambalo halitokei ila mara chache.

Lakini anayetupa karata na akaenda kusoma magazeti amepoteza nusu ya faida ya kutupa. Mtandaoni hakuna nyuso za kusoma wala mikono inayotetemeka. Hata hivyo watu hujidhihirisha kwa matendo yao kama wanavyojidhihirisha kwingine kote. Mtazame anayeketi kushotoni kwako zaidi ya wote, kwa sababu ndiye atakayekuwa katika dau kubwa pale wewe utakapotaka kulitwaa: je, hulitetea dau lake kila mara kwa karata yoyote, au huliachilia kama kwamba si lake? Mtazame anayeingia katika kila mgao, na uone karata alizofunua mwishoni, kwa sababu huyo hahadaiki, na kumfanyia hila ni kupoteza. Mtazame anayechelewa kujibu kisha akafuata dau badala ya kulipandisha. Aghalabu mkono wake ni dhaifu, naye alikuwa akijishauri atupe. Programu nyingi humruhusu mchezaji kuandika neno kando ya jina la mwenzake au kumtia alama ya rangi, na asiyeitumia ruhusa hiyo analipia elimu na kuiacha mlangoni. Baada ya nusu saa ya utazamaji wa namna hii, hata ukiwa bado na chipu 1,450, wewe ni tajiri kuliko mwenye 1,900 aliyezipata kwa papara, maana yeye hajui zimetoka kwa nani wala kwa nini.

Kisha madau hupanda. Paul Magriel, mwalimu wa hesabati na bingwa wa mchezo wa bakgamoni, alizoea kupima akiba yake kwa kuigawanya kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja, na Dan Harrington, bingwa wa Las Vegas wa mwaka 1995, akakieneza kipimo hicho katika vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 2004 pamoja na Bill Robertie, akakiita kwa herufi M kwa heshima ya mwenye kukibuni. Kinachopimwa ni mizunguko mingapi utaweza kukaa bila kucheza kabla ya kumalizwa. Mwenye 1,500 katika madau ya 10 na 20 ana mizunguko 50. Mwenye 1,500 hizo hizo katika madau ya 100 na 200 ana 5. Hakupoteza hata chipu moja, na amefukarika mara kumi, kama mtu aliyesimama ufukoni mahali pamoja wakati maji yanajaa, ambaye hakusogea hatua, na maji yamemfika kifuani. Harrington hufundisha kwamba mwenye zaidi ya mizunguko 20 yu huru kucheza atakavyo. Aliyeshuka chini ya 10 amepokonywa mbinu nyingi za hila na ustadi. Na aliyefika 5 hana silaha ila moja, nayo ni kutia chipu zote au kutupa karata, wala hana nafasi ya kuweka dau la wastani na kulitazama.

Hapa ndipo subira, iliyokuwa fadhila katika nusu saa ya kwanza, hugeuka kuwa ghururi. Wachezaji wengi wa daraja la kati, waliokwisha kujifunza kutupa karata, hawajifunzi kuacha kutupa. Hungoja ree mbili, nazo huja mara moja katika migao 221, ilhali akiba yao haitaishi hata migao 50. Mtu wa namna hii hutoka wa tano au wa sita karibu kila siku, akiwa na nafsi safi kwamba hakufanya kosa lolote, na kumbe kosa lake lilikuwa moja na refu.

Nichukue mfano mmoja na niufuate hadi mwisho. Madau ni 100 na 200; umebaki na chipu 2,000, na mwenye dau kubwa naye ana kiasi hicho hicho. Wewe ndiwe mgawaji, na walio mbele yako wote wametupa. Umepewa ghulamu na kenda wa kopa, karata ambazo dakika 40 zilizopita ungezitupa bila ya kuzitazama mara mbili. Mezani kuna 300 zisizo na mwenyewe. Unatia zote. Tuseme mwenye dau dogo hutupa kila mara, na mwenye dau kubwa huitikia mara 20 katika 100. Tena tuwe wakali juu ya nafsi zetu, tuseme kwamba ukiitikiwa, utashinda mara 35 tu katika 100. Basi katika mara 100, mara 80 umetwaa 300, nazo ni chipu 24,000. Katika zile 20 za kuitikiwa, 7 umeshinda, na kila ushindi umekuletea 2,100, jumla 14,700. 13 umeshindwa, na kila kushindwa kumekugharimu 2,000, jumla 26,000. Jumlisha na utoe: faida ni 12,700, yaani chipu 127 kwa kila mara, kwa karata ambazo kila zilipoonekana zilikuwa dhaifu. Faida yote imetokana na zile mara 80 ambazo karata hazikufunuliwa. Zile 20 za mapambano zimeleta hasara peke yake.

Watu wenye tabia njema huona haya juu ya jambo hili, wakidhani kwamba kuweka dau kubwa kwa karata ndogo ni udanganyifu usiomfalia mtu mwadilifu. Lakini hadaa iliyoruhusiwa na kanuni za mchezo, na inayojulikana na kila aliyeketi, haimdhulumu mtu. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha mwaka 1944 kilichoasisi elimu ya nadharia ya michezo, waliitumia poka kuonyesha kwa hesabati kwamba hadaa ni sehemu ya uchezaji timamu: mwenye kuweka dau kwa karata nzuri peke yake hujulikana upesi, na hakuna atakayemlipa siku atakapozipata. Mshindani wako akijua kwamba waweza kuwa na ghulamu na kenda, ataingia kwa hofu siku utakapokuwa na wafalme wawili.

Sharti la kwanza la utwaaji huu ni kwamba uwe wa kwanza kuingia. David Sklansky alieleza zamani kwamba karata zinazotosha kupandisha dau hazitoshi kuitikia dau lililokwisha pandishwa na mwingine, na kati ya kiwango cha kwanza na cha pili kuna pengo. Nami naongeza kwamba katika mashindano madogo pengo hilo ni pana kuliko kwingine kokote, kwa sababu anayetia ana njia mbili za kushinda, ama wenzake watupe au karata zake zishinde, na anayeitikia ana moja. Mahali nako kuna hukumu: anayeketi mbele ya watu wanane ana wanane wa kuwahofia, mgawaji ana wawili, na mwenye dau dogo ana mmoja. Na kiasi kisizidi haja. Ukiwa bado na mizunguko 15 au zaidi, kupandisha hadi mara mbili na nusu ya dau kubwa hufanya kazi ile ile ya kupandisha mara nne, na huacha nafasi ya kurudi nyuma iwapo mtu aliyenyamaza tangu asubuhi atajibu kwa chipu zake zote.

Nimefika sasa mahali ambapo mashindano haya hushindwa au huangamizwa, napo ni pale wanapobaki wanne. Mmoja tu ndiye atakayeondoka bila tuzo, na hakuna anayetaka kuwa yeye. Tuseme kila mmoja ana chipu 3,375, na kwa hiyo thamani ya kila akiba ni shilingi 2,250. Wawili wakipambana kwa chipu zote, mshindi hubaki na 6,750, na thamani yake hupanda kuwa 3,450. Aliyeshindwa hana kitu. Na wale wawili waliotazama, kila mmoja hupanda kutoka 2,250 hadi 2,775, yaani wamezawadiwa shilingi 525 kila mtu kwa kukaa kimya. Tukiyaacha kando madau ya lazima, ambayo huipunguza hesabu hii kidogo, anayeitikia anahitaji nafasi ya 65 katika 100. Na ree na mfalme wa maua mbalimbali, dhidi ya mtu aliyetia zote kwa karata zozote bila hata kuzitazama, hupata 65 na si zaidi.

Akiba zikiwa hazilingani, mambo huwa makali zaidi. Mmoja ana 6,000, mwingine 3,500, wewe una 3,000, na wa nne, aketiye kushotoni kwako, amebaki na 1,000. Madau ni 100 na 200. Wewe uko katika dau kubwa. Wa nne ametupa, wa 3,500 ametupa, na yule mwenye 6,000, aliye katika dau dogo, ametia zote. Unafunua karata zako: ree ya shupaza na malkia wa uru. Damu huchemka, maana ni karata nzuri kuliko zote ulizopewa tangu saa nzima. Lakini hesabu. Ukitupa, unabaki na 2,800, nazo kwa njia ya Harville na Malmuth zina thamani ya shilingi 2,261. Ukiitikia na kushinda, una 6,000 zenye thamani ya 3,193. Ukishindwa, umetoka wa nne. Ili kuitikia kusiwe hasara unahitaji nafasi ya karibu 71 katika 100, na ree na malkia wa maua mbalimbali, hata dhidi ya mtu anayetia kwa karata yoyote, hupata takriban 64. Jozi ya manane haifiki; jozi ya kenda hupita kwa nywele. Kisa cha ukali huu ni yule bwana mwenye 1,000, ambaye mgao ujao dau kubwa litamwangukia na kumla sehemu ya tano ya akiba yake. Kila dakika unayongoja ni dakika inayomsogeza yeye mlangoni, na kukimbilia kupambana na mwenye 6,000 ni kumwokoa huyo kwa mali yako mwenyewe. Tupa ree na malkia, tena uzitupe upesi, bila ya kutumia muda wote uliopewa, ili mwenye 6,000 asijue kwamba zilikuwa zinauma.

Na iwapo wewe ndiwe mwenye 6,000? Basi soma upya aya iliyotangulia ukiwa umeketi katika kiti chake. Wenye 3,000 na 3,500 wamefungwa na hesabu. Hawawezi kukuitikia ila kwa jozi kubwa, na jozi hizo haziji. Yafaa utie dau katika karibu kila mgao ambao wamekutupia, wala usione huruma ya uongo, kwa maana chipu 300 kwa kila mgao, zikitwaliwa mara nane kabla ya yule mdogo hajatoka, ni 2,400, nazo ni nyingi kuliko akiba yoyote uliyopata kuishinda kwa kufunua karata. Wengi wa wale tunaowaona wakishika daraja la kwanza mara kwa mara wamejenga akiba yao hapa, katika robo saa hii, wakati wenzao wakishika pumzi. Jihadhari na mmoja tu, yule mwenye 1,000: yeye hana cha kupoteza, ataitikia kwa ghulamu na saba, na kumpa uhai mpya ni kuifungua kamba iliyowafunga wale wengine.

Tuzo ikishapatikana, yaani wanapobaki watatu, hofu hulegea kidogo na watu hucheza kwa kelele. Tofauti kati ya wa tatu na wa pili ni shilingi 900, na kati ya wa pili na wa kwanza ni 1,800, kwa hiyo lengo sasa huelekea juu, na mwenye akiba ya kati ana ruhusa ya kuthubutu kuliko alivyokuwa nayo dakika tano zilizopita.

Na wanapobaki wawili, ile kanuni niliyoanza nayo hukoma kufanya kazi. Wote wawili wamekwisha jihakikishia 2,700, zinazogombewa ni 1,800 zilizobaki, na hakuna tena wa kutazama na kulipwa. Chipu inayopatikana na chipu inayopotea zimekuwa sawa kwa thamani, na nafasi ya nusu na kidogo inatosha kuhatarisha kila kitu. Mgawaji ndiye sasa atoaye dau dogo na kuanza kunena kabla ya karata za mezani. Akiba ndogo kati ya mbili ikiwa ni madau makubwa 10, hesabu ya ncha zote mbili humruhusu mgawaji kutia zote kwa zaidi ya nusu ya karata anazopewa, na mwenziwe kuitikia kwa zaidi kidogo ya theluthi: kila ree, karibu kila mfalme, kila jozi, na malkia wenye karata nzuri ubavuni. Aliyepita katika kizingiti cha watu wanne kwa kutupa ree na malkia hana budi kukumbuka kwamba sababu ya kuzitupa imekwisha ondoka mezani pamoja na wale watu wawili, na mgao unaofuata azitie zote bila ya kusita.